Mikono ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuchora mabango. Ukipita Shanwe, hapa Mpanda, ukaona kichwa kimechorwa kwenye ukuta wa kinyozi, nywele zimekatwa utadhani zilipigiwa rula, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Ng'ombe wa bucha wanaotabasamu ni wangu pia. Watu huniuliza ng'ombe anatabasamu nini wakati anajua anakokwenda, nami huwajibu wakamuulize mwenye bucha, yeye ndiye aliyeagiza tabasamu. Nachora haraka, kwa rangi za makopo, juani, huku wapita njia wamesimama nyuma yangu wananielekeza. Mpanda nzima ni walimu wa uchoraji mpaka uwape brashi.

Mwalimu wa kweli nilimpata nikiwa na mvi tayari. Ni dada mdogo kwangu kwa umri, amesomea sanaa Dar es Salaam, ndoa ikamleta huku, maana mumewe ni mtu wa reli. Siku moja alisimama nyuma yangu nikichora samaki kwenye ukuta wa mgahawa. Hakunielekeza kitu. Aliuliza tu, "Fundi, huyu samaki mwanga unampiga kutoka wapi?"

Nikamwambia unatoka kwenye jua, kama siku zote.

"Sasa kivuli chake kiko wapi?"

Nilikasirika mchana kutwa. Mimi nina hasira za karibu, na hasira mbaya kuliko zote ni ile ya kuambiwa kitu cha kweli. Jioni nikapita tena pale kwa siri, nikajifanya nangoja mtu, nikamwangalia samaki wangu. Kivuli hakikuwepo. Samaki alikuwa amebandikwa ukutani kama stika kwenye bati la bodaboda. Jumamosi iliyofuata nikapiga hodi kwa yule dada, nikamwambia nimekuja kujifunza, na kwamba asinicheke sana.

Alinicheka, halafu akakubali.

Nilidhani atanianzisha na chungwa au chupa. Yeye akasema hapana, mimi mkono tayari ninao, kilichonipungukia ni macho, na macho yanafunzwa kwa kunakili kazi ya mtu aliyejua kuona. "Huruhusiwi kubuni chochote, fundi. Utanakili picha moja, hiyohiyo, mpaka uichukie, halafu utaendelea kuinakili mpaka uipende tena." Akanipa ukurasa wa kalenda ya zamani, mkubwa kiasi cha sinia. Ilikuwa picha ya huko Ulaya, ya kale kabisa, na mwalimu akasema ni kazi kubwa. Mwanamke mtu mzima, mzungu, amevaa kofia nyeupe ya kitambaa, amekaa kwenye kiti kifupi kando ya dirisha. Ana bakuli mapajani, anamenya mizizi fulani ambayo hata mwalimu hakuijua jina. Mimi niliamua ni mihogo. Chini ya kiti paka amejikunja, ukutani ufagio umeegemezwa, na nyuma kuna mlango wazi unaoonyesha chumba kingine chenye mwanga. Basi. Hakuna malaika wala mfalme wala vita. Mama anamenya.

"Hii ndiyo picha kubwa?" nikamuuliza.

"Hii hii," akasema. "Kaa nayo kwanza, halafu uniambie ni ndogo."

Nikaenda kukaa nayo. Nilinunua kitambaa cha amerikani, nikakivuta juu ya fremu ya mbao, nikakipaka gundi na rangi nyeupe. Nikapiga miraba kwa penseli kwenye picha na miraba mingine kwenye kitambaa, nikahamisha mstari mmoja mmoja. Hapo nilikuwa bado nyumbani, kwa sababu hata ng'ombe wa bucha huwa nawachora kwa miraba. Tabu ilianza kwenye rangi. Rangi za mwalimu zilikuwa za tyubu, zinachanganywa na mafuta ya kitani, zina harufu inayokaa kwenye nguo hadi Jumapili. Rangi ya kopo ukiipaka asubuhi, mchana mteja anaiegemea. Hii ya tyubu unaipaka wiki hii na wiki ijayo bado inakushika kidole. Kwa mtu kama mimi, anayekula ugali ukiwa bado unatoa moshi, ilikuwa adhabu.

Mwalimu naye hakuwa na huruma. Kwanza alininyima rangi zote isipokuwa ya udongo, akataka picha nzima iwe ya kahawia, giza na mwanga tu. Nilipoweka nyeusi kwenye kivuli aliifuta kwa kitambaa mbele yangu. "Nyeusi umeiona wapi? Finya macho. Kivuli kile kina kijani ndani." Nikafinya macho hadi nikaumwa kichwa, na siku moja, kweli, nikakiona kijani ndani ya kivuli cha ukuta. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Tangu hapo nikawa nasimama barabarani nafinya macho kuangalia vivuli vya bodaboda, watu wakamwambia mke wangu anipeleke hospitali nikapimwe macho.

Neno lake lilikuwa moja, alilirudia kila Jumamosi: "Chora unachokiona, usichore unachokijua." Nililishika neno hilo kama sala. Baadaye ndilo lililoniponza.

Wakati huohuo nyumbani kwangu kulikuwa na jambo lingine, zito kuliko picha.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa kwetu. Alikuwa akiishi peke yake Katumba, baba mkwe alishatangulia, watoto wameolewa na wengine wamehamia mbali, na goti likawa limemsumbua hadi shamba la mahindi likamshinda. Mke wangu akamfuata, akamleta mjini atibiwe. Goti likatulia. Sasa mke wangu alitaka mama yake asirudi tena kule peke yake, akae nasi moja kwa moja, na mimi nilitaka hivyohivyo. Lakini mimi ni mkwe, na hapo ndipo penye kazi.

Mimi ni Msukuma niliyezaliwa hapahapa Mpanda, nikalelewa na baba ambaye akimwona mama mkwe wake kwa mbali njiani, alikuwa anaingia porini na baiskeli yake. Namkumbuka siku moja ya masika amesimama kwenye tope hadi magotini, baiskeli begani, anangoja bibi apite. Bibi naye akapita taratibu, ameinamisha uso, kana kwamba pale hakuna mtu wala baiskeli. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa. Mama mkwe humkodolei macho, huli naye, hukai naye chumba kimoja, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu wa katikati. Na upande wa mke wangu, watu waliotoka Burundi, nako mkwe ana heshima yake kubwa. Kwa hiyo tulikutana watu wawili wenye adabu kupita kiasi ndani ya nyumba ndogo.

Nikirudi kazini nilikuwa nakohoa getini. Nakohoa kwangu mwenyewe, kama mgeni aliyekuja kuomba moto. Nikikohoa tu nasikia kiti cha sebuleni kinasogezwa, kandambili zinakimbilia upande wa jikoni, na goti lile bovu linajitahidi. Nikishaingia nausalimia ukuta. "Shikamoo mama!" Ukuta unaitika, "Marahaba mwanangu, umeshindaje?" Chakula kikiwa tayari nasikia sauti yake uani, wazi kabisa, "Mwambie mumeo chakula kipo." Nami najibu, wazi kabisa, "Mwambie mama nashukuru." Mke wangu amesimama katikati na mwiko mkononi. "Mmesikiana wote," anasema. "Mimi sina cha kuongeza."

Ili mama apate kukaa kwa raha, nikawa nachelewa kurudi. Nikimaliza kazi nakaa kijiweni nasikiliza ubishi wa mpira, na mpira wenyewe siupendi. Kumbe yeye aliliona hilo kwa jicho lingine. Siku moja mke wangu akaniambia akiwa amekunja uso, "Mama anasema anarudi Katumba. Anasema amekufukuza kwenye nyumba yako."

"Mwambie sivyo. Mwambie nataka akae."

"Nimemwambia. Anasema hayo ni maneno yangu, nayaweka mdomoni mwako. Na nikimwapia kwamba ni yako, anasema mkwe mwenye adabu ni lazima aseme hivyo, hata kama amechoka."

"Sasa nifanyeje?"

"Sijui," mke wangu akasema, na nikaona anataka kulia. "Kule akianguka uani nani atamwokota?"

Kumwambia mwenyewe sikuweza. Mtu asiyelelewa hivyo anaweza kuona ni jambo dogo, fungua mlango useme. Mimi nilijaribu kuwaza tu nikisimama mbele yake nikifungua mdomo, na miguu ikawa inatafuta njia ya porini kama ya baba. Mama akaahidi kukaa mpaka apate mtu wa kumsafishia nyumba kule, basi. Nikarudi kwenye picha, kwa sababu mbele ya picha angalau nilikuwa najua kinachotakiwa.

Pale nako nikakwama, kwenye mikono. Ukurasa ule wa kalenda ulikuwa umekaa miaka mingi umekunjwa, na mkunjo ulipita juu ya mikono ya yule mzungu hasa. Rangi ilikuwa imebanduka. Palibaki bakuli, viganja viwili vya ukungu, na kitu ambacho huenda ni kisu. Mwalimu akasema, "Hapo itabidi utafute mikono halisi. Umkalishe mtu, amenye, uchore. Picha za simu sitaki, simu inabana vivuli." Halafu akasafiri kwenda Tabora kusalimia wakwe zake, akaniacha na tatizo.

Nilimkalisha mke wangu. Mke wangu akimenya ni kama anagombana na muhogo, kabla sijachanganya rangi bakuli limejaa na yeye yuko uani anaongea na jirani. Nikajaribu mkono wangu mwenyewe wa kushoto, huku wa kulia unachora. Ukatokea mkungu wa ndizi umeshika kisu. Nikafuta, nikachora tena, nikapata mkungu mwingine. Nilirusha kitambaa, nikasema maneno ambayo mama mkwe aliyasikia bila shaka, kwa sababu huko nyuma kukawa kimya ghafla.

Sasa, mwalimu alikuwa amenifundisha jambo jingine: ukitaka kuona makosa ya kazi yako, iangalie kwenye kioo. Makosa uliyoyazoea yanakuwa mageni. Kwa hiyo nilikuwa nimetundika kioo cha mke wangu ukutani sebuleni, nyuma ya mahali ninaposimama. Mchana ule wa hasira niligeuka kuiangalia mikono yangu ya ndizi kwenye kioo. Kioo kilikuwa kimekaa upande, hakikuonyesha picha. Kilionyesha korido, na mwisho wa korido mlango wa nyuma ukiwa wazi, na kwenye mlango, mikono.

Mikono tu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani nyuma, mwili wake umefichwa na fremu ya mlango, ila mapaja na bakuli na mikono vimetokeza kwenye mwanga wa alasiri. Alikuwa anamenya mihogo. Taratibu, bila haraka, kisu kinazunguka na ganda linateremka zima zima kama utepe. Kidole cha shahada kilicholala juu ya kisu kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha mwisho, na kwa kupinda kule kilikuwa kinaongoza kisu vizuri zaidi. Mwanga ulikuwa unampiga kutoka upande mmoja, sawasawa na yule mzungu wa dirishani.

Nikatazama chini haraka. Halafu nikafikiri. Nimekatazwa kumkodolea macho mama mkwe. Kioo sijakatazwa. Kioo ni mali ya mke wangu, kimetundikwa kwenye ukuta wangu, na mtu anaruhusiwa kuangalia kioo chake nyumbani kwake. Nililizungusha wazo hilo mpaka likakaa vizuri. Kumpiga picha kwa siri ingekuwa wizi, lakini kioo ni kioo tu. Nikashika brashi.

Nilichora mchana ule na michana iliyofuata. Nikaacha kukaa kijiweni, nikawa narudi mapema, nakohoa, nangoja kandambili zifike nyuma na kigoda kisogezwe, halafu napiga macho kwenye kioo. Mama alimenya, akachambua maharage, akapembua mchele. Nilikuwa nachora kile ninachokiona, siongezi kitu. Ngozi ilikuwa ya kahawia, nikaweka kahawia. Nilijua kabisa yule mama wa kwenye picha ni mzungu, na uso nilikuwa nimeshauchora mweupe kama maziwa, nikajisemea mikono nitaipausha baadaye. Lakini ile kahawia ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na nyekundu kwenye vifundo na rangi ya zambarau pembeni ya kucha, na majivu kidogo ya unga wa mihogo, na mimi, mchora ng'ombe wa bucha, nilikuwa naiona yote. Sikupata moyo wa kuipausha.

Na kitu kingine kilitokea, nakisema wazi. Nilimpenda mama yule. Mtu unaweza kukaa naye nyumba moja ukajua kandambili zake na sauti yake ya ukutani, usimjue. Mikono ile ilinionyesha subira yake. Kuna mchana mmoja iliacha kumenya, ikalala mapajani muda mrefu, moja juu ya nyingine, na nikajua anafikiria kwake. Nikatamani kumwambia akae. Nikaishia kuosha brashi.

Kazi nilikuwa naifunika kwa khanga kila nikimaliza. Barabarani dunia nzima inaniangalia nikichora, nyumbani nilijiwekea sheria kwamba hakuna anayeona mpaka iishe. Mke wangu alichungulia mara moja nikamfokea, akaniambia nikae na mzungu wangu.

Siku ya kuondoka ikafika. Nyumba ya Katumba ilikuwa imeshasafishwa. Asubuhi mke wangu alifunga mzigo wa mama yake akiwa kimya, na akiwa kimya yeye hali ni mbaya. Akatoka kwenda barabarani kutafuta bajaji ya kumpeleka mama stendi. Mimi nilikuwa mbele ya picha nagusagusa paka, kwa kuwa sikujua pa kujiweka. Nikasikia mama anakuja kupitia korido, polepole, anaburuta mzigo. Njia ya kutokea ni sebuleni. Basi nikafanya nilivyolelewa: nikatoka nje upesi kwa mlango wa mbele, nikasimama kibarazani, nimeipa nyumba mgongo, nikatazama barabara, ili apite.

Sikuikumbuka khanga.

Hatua zikaingia sebuleni, zikasimama. Kuku wa jirani akapita mbele yangu, akarudi. Halafu nikasikia sauti yake ndani.

"Wewe mama."

Nilidhani jirani ameingia kwa mlango wa nyuma.

"Wewe mama mzungu, ni wewe nakuuliza. Mikono hiyo umeipata wapi?"

Hapo ndipo nikaikumbuka khanga.

"Mikono yangu hiyo," sauti ikaendelea, taratibu, kama mtu anayemhoji mtoto aliyevunja chungu. "Kidole changu hicho. Jembe lilikipinda nikiwa msichana, ninakijua. Haya, umenichukulia mikono, sikatai. Lakini kumenya na kushoto umefundishwa na nani? Mimi namenya na kulia tangu Mungu aniumbe. Mukwe wangu ananionaga wapi mpaka anigeuze?"

Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Kioo! Ni nani asiyejua kwamba kioo kinageuza? Mimi mwenyewe nikinyoa ndevu najua. Lakini nilikuwa nimeambiwa nichore ninachokiona, nikakichora, kisu mkono wa kushoto, kidole kilichopinda mkono wa kushoto, michana yote ile, na macho yangu mapya ya Jumamosi hayakuona kitu.

Nilitaka kukimbia. Barabara ilikuwa wazi mbele yangu. Halafu nikaelewa alichokifanya mama. Mtu wa katikati hakuwepo, mke wangu alikuwa barabarani, naye alikuwa na neno la kusema. Kwa hiyo alikuwa amemtafuta mtu wa katikati mwingine. Alikuwa amempata, amekaa dirishani na kofia yake nyeupe.

Nikasema, uso wangu bado uko barabarani, "Mama mzungu, mwambie mama nilimwona kwenye kioo. Sikumkodolea macho. Nilikuwa nakodolea kioo."

Kisha ukaja mcheko ambao sijawahi kuusikia kwenye nyumba ile, mcheko wa kifuani, wa mtu anayeshikilia kiti asianguke.

"Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mama mzungu, mwambie kioo kinageuza!"

"Mwambie nimejua leo."

"Mwambie na uso wako umepauka, mikono imeungua. Watu watasema umeiba."

"Mwambie nilitaka kuipausha, nikashindwa. Ilikuwa mizuri."

Mcheko ukakatika. Nikajua nimesema kitu ambacho hakirudishwi, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikauacha uende.

"Mama mzungu, mwambie mama asiondoke. Mwambie haya si maneno ya mke wangu, wala siyasemi kwa adabu. Ni ya kwangu. Mwambie nilikuwa nachelewa kurudi ili yeye apate kukaa, sikuwa namkimbia. Huko kijiweni nachoka tu. Siku hizi narudi mapema kwa sababu nataka kuona mikono yake inamenya. Kule akianguka sitalala usingizi. Mwambie akae hapa, hapa ni kwake."

Kuku wa jirani alinitazama.

Nikasikia anapenga kamasi kwenye kitenge.

"Mama mzungu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "muulize kama ni kweli."

"Mwambie ni kweli."

"Muulize hiyo mikono yako ataitengenezaje, na mimi mwenyewe nimeshakwenda."

"Mwambie haiwezekani."

Kiti cha sebuleni kikasogezwa. Nilikisikia vizuri, ndicho kile kilichokuwa kikisogezwa kila nikikohoa, ila safari hii kulikuwa na mtu anayekaa.

"Basi mwambie aingie," akasema. "Mimi nitakutazama wewe. Yeye atazame mikono. Uso auache."

Nikaingia kinyumenyume, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, halafu nikageuka macho yakiwa chini. Niliona kandambili, nikaona mzigo umefungwa kwa kamba ya katani, nikaona pindo la kitenge. Halafu nikaona mikono, yenyewe, bila kioo. Wa kulia ulikuwa wa kulia. Kidole kilichopinda kilikuwa mahali pake. Ilikuwa mizee kuliko nilivyoichora. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikaanza kukifuta kile kisu cha kushoto, rangi ikatoka kirahisi kwa sababu ilikuwa bado mbichi, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba rangi hii haina haraka.

Bajaji ikapiga honi nje. Mke wangu akaingia mbio, "Mama, twende, dereva anasema ana abiria wengine," akasimama mlangoni. Mama yake ameketi sebuleni, anamtazama mzungu. Mimi nimesimama hatua chache kutoka kwake, nachora, namtazama mikono. Mke wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaitazama picha, akaweka kiganja mdomoni. Mazoea ni mazoea, akangoja mmoja wetu ampe neno la kumfikishia mwingine. Hakuna aliyempa.

Honi ikalia tena.

"Sasa dereva nimwambieje?" akauliza.

Tukajibu wote wawili, mimi na mama mkwe wangu, kwa mpigo mmoja: "Mwambie aende."